Chungu Hutaka Chungu

Weka trei chini, Tullio. Kaa.
Wageni hawaji kabla ya saa mbili,
na ukungu huu ukishapanda kutoka mtoni
hata wenye saa za dhahabu huchelewa.

Umeniuliza kwa nini nilimnyima yule bwana wa Torino
nebiolo kwa samaki wake.
Sikumnyima. Nilimhurumia.
Nyekundu ile na samaki hugombana mdomoni
kama mawifi wawili katika jiko moja,
na aliyelipa ndiye anayebaki
na ladha ya sarafu ulimini.

Barbera, sawa, inywe na dagaa wa chumvi
walioyeyuka ndani ya vitunguu saumu na mafuta.
Usinikodolee macho. Dagaa wakishafika hapo
hawahesabiwi tena samaki.
Barbera ni chachu, inacheka, inaosha sahani.
Lakini hii
onja. Usimeze upesi.

Unaona ulimi unavyojikunja?
Huo ndio ukakasi,
ule ule wa pera bichi, wa ngozi ya jozi,
meno yakawa kama yamevikwa sufu.
Watu hudhani divai imeharibika.
Haijaharibika. Ina njaa.
Ipe mafuta, ipe uboho,
ipe nyama iliyolala motoni hadi imesahau mfupa wake.
Chungu hutaka chungu,
aliniambia mama mkwe siku ya pili ya ndoa,
akanikabidhi sufuria ya chuma na mwanawe.

Evasio alipanda mizabibu upande usiotazama jua.
Kila mtu alimwambia. Hata padri.
Mnunuzi wa Alba alipoonja alitema
mbele ya watoto,
akafuta mdomo kwa mkono wa koti.
Mume wangu hakujibu. Alishusha chupa mia tatu ghalani,
akafunga mlango: "Itanyooka."

Basi nikapika.
Mashavu ya ng'ombe, jibini la mbuzi, siagi juu ya siagi,
miaka kumi na tisa,
ili kila Jumapili aone
divai yake inanyweka.
Daktari alinilaumu mimi kwa kiuno changu.
Ningemwambia nini?
Kwamba nilikuwa namtafutia mtu udhuru
kwa kijiko?

Alikufa Februari, mkasi wa kupogolea mfukoni.

Mwaka jana, siku yake,
nikafungua moja. Nikapika kama kawaida.
Nikakata kipande, nikanywa,
na divai haikuwepo.
Mchuzi ulikuwa umeimeza yote.
Niliitafuta mdomoni
kama mtu anayetafuta miwani iliyo puani pake.
Nikanywa tena, bila chakula,
ndipo nikaelewa:
ilikuwa imelainika. Huko chini, gizani,
kimya kimya, bila kunipa taarifa,
na mimi nikiendelea kuipikia
kama bado inauma.

Nikasukuma sahani.
Nikakaanga yai moja kwa siagi,
chumvi kidogo, basi.
Nikala nimesimama, hapo penye jiko.
Waridi lililosahaulika kabatini.
Lami ya barabara baada ya mvua.
Na kitu cha tatu, sijui,
labda lile koti lake la sufu
kabla halijafuliwa.

Nilikasirika, Tullio. Usidhani nililia.
Nilikasirika kwamba alikuwa na haki.

Zimebaki saba. Haziko kwenye orodha,
na ukimwambia bwana wa Torino nitakurudisha kwa mama yako.

Haya, inuka. Taa zile ni za gari lao.
Meza ya dirishani wameagiza mashavu:
wapelekee ya juzijuzi,
ile inayouma.
Na uniletee yai.